Umeme wa Baba Mkwe

Umeme ulipofika Ankilimasy, wa kwanza kuupata alikuwa mzee Resoja, na mzee Resoja alikuwa amekufa tangu mwaka ule wa nzige. Aliunganishiwa bure, kwa heshima zote, mita mpya ikiwa bado imevaa nailoni yake, pamoja na balbu mbili. Hakuna aliyemsikia akilalamikia huduma. Mkamwana wake, Vorisoa, alikuwa ng'ambo ya uzio wa mpungate akitwanga mahindi ya mchana, na aliliona jambo lote kwa macho yake, mchi mkononi, mpaka fundi alipokunja ngazi akaondoka. Kisha akaendelea kutwanga, maana tumbo la mumewe halikuwa na habari na maendeleo.

Tusiwalaumu mafundi. Benki moja kubwa ya ng'ambo iliikopesha serikali fedha za kuwapelekea umeme watu waliosahauliwa, na ili waliosahauliwa wasije wakaupokea ovyo ovyo, iliweka sharti: ataunganishwa mwenye nyumba ya kudumu, ukuta wa saruji na paa la bati. Sharti zuri sana, lililotungwa na watu wenye nyumba nzuri. Ila kule Androy, nyika kavu ya kusini mwa kisiwa kikubwa, mtu akifa nyumba yake huchomwa moto, na jamaa zake husogea pembeni wakajenga nyingine ya mbao na nyasi. Hakuna mwenye akili timamu anayetia saruji kwenye kitu cha kuchomwa. Saruji ni ya kaburi, na bati pia. Kwa hiyo mradi ulipotafuta nyumba za kudumu Ankilimasy nzima, uliipata moja, nayo ilikuwa ya Resoja.

Ilikuwa nyumba ya fahari, tuseme haki. Mwanawe Tsiambena, mume wa Vorisoa, aliitolea jasho miaka mingi huko kaskazini, akivuta riksho za watu wa mjini na kuchimba mawe ya thamani ambayo hayakuwa na thamani yalipofika mikononi mwake. Alilijenga kaburi kando ya barabara ili wapita njia walione. Ukutani alimwajiri mchoraji akachora mlango wa kijani, wanamieleka wawili wanaokabana, na ndege ya abiria inayopaa, ingawa mzee katika uhai wake chombo kikubwa alichowahi kupanda kilikuwa mkokoteni wa ng'ombe. Juu ya mawe zilipangwa pembe za ng'ombe wote waliochinjwa siku ya mazishi. Zilikuwa nyingi, na watu wa Ankilimasy hawajashiba vile tena.

Vijana wawili wa kuhesabu nyumba walitoka mji mkuu, wakafika saa ya jua kali, wakamkuta Tsiambena amesimama kando ya kaburi akiling'olea majani.

"Nyumba hii ya nani, mzee?"

"Ya baba yangu," akajibu Tsiambena, kifua mbele.

"Humo ndani wamo wangapi?"

Tsiambena akahesabu kwa vidole: babu, baba, ami zake, mashangazi wasioolewa, yule kaka aliyepigwa na radi. "Kumi na mmoja," akasema. Hakusema uongo. Haikumpitikia kabisa kichwani kwamba mtu mwenye macho mawili anaweza kusimama mbele ya pembe zote zile asijue anatazama kaburi. Vijana nao walikuwa wameziona pembe kama zile kwenye kuta za hoteli, wakadhani mzee anapenda mapambo.

"Baba angependa kuwekewa umeme?"

Hapo Tsiambena alifikiri kidogo. Katika nchi nzima ile hapakuwa na kaburi lenye taa. "Baba hajawahi kukataa heshima," akasema, nao wakaandika. Walipouliza ya kwake iko wapi, akawaonyesha kibanda cha mbao kilichoezekwa nyasi. Wakatikisa vichwa kwa huruma. Yeye hakuumia hata kidogo. Baba kwanza, mengine baadaye, ndivyo alivyolelewa.

Fundi alipokuja baadaye alibisha hodi kwenye ule mlango wa kijani mpaka vidole vikamuuma. Hakujibiwa, akafunga kila kitu nje.

Sasa Vorisoa. Alizaliwa bonde la pili, katika nyumba ya wasichana watano, na alipewa mchi kabla hajapewa nguo ya kujifunga kiunoni. Alitwanga mtama, akatwanga mahindi, akatwanga viazi vikavu vya wakati wa njaa, akatwanga vitu ambavyo wakati wa njaa watu huvitwanga kwanza ndipo wakajiuliza kama vinalika. Alipoolewa na Tsiambena alihama na mchi wake. Mume alipokwenda kaskazini kumtafutia baba yake saruji, mke alitwanga. Mume aliporudi na saruji, mke aliwatwangia wajenzi. Marehemu mkwewe, wakati huo bado hai na meno yote, alikuwa akiuonja ugali wake, anatema chembe, anasema, "Huyu mwanamke anatwanga kama anayepapasa." Siku hizi bega la kulia la Vorisoa lilikuwa haliinui tena mkono kupita sikio, na ikifika jioni mkono humning'inia ubavuni kama si wake.

Lakini alikuwa na mashine. Siku alipoziona nguzo za umeme zikishushwa barabarani, Vorisoa alimtoa ng'ombe wake mmoja, yule aliyekuwa wake peke yake, akambadilisha mnadani Ambovombe kwa mashine ndogo ya kusaga inayotumia umeme, imetumika lakini nzima. Aliileta kwa mkokoteni, wanawake wakitangulia mbele na vigelegele. Akaiweka ndani, akaifunika mkeka. Ilikula nusu ya nyumba, na Tsiambena usiku akawa analala miguu kaitundika juu yake. Ilikaa hivyo ikisubiri umeme, na umeme ukaja, ukapita mbele ya mlango wake, ukaenda kwa baba mkwe.

Ukaenda na ukawaka. Mchana uliwaka, usiku uliwaka, kwa sababu swichi ilikuwa ukutani mwa kaburi na hakuna aliyethubutu kuligusa kaburi ili azime taa. Kwenye ofisi ya kijiji mradi ulibandika picha ya mtoto anayesoma kitabu chini ya taa, anacheka. Watoto wa Ankilimasy walikwenda kuitazama, kisha wakarudi kwenye giza lao, na mzee Resoja, ambaye hakujua kusoma, akabaki na mwanga wa kutosha.

Bwana Ralambo, msimamizi wa mradi, alikuwa mtu wa nyanda za juu, mpole, mwenye kofia ya ukili na viatu visivyopatana na mchanga. Gari lake lilipopita, Vorisoa alisimama katikati ya barabara, mkono mmoja kiunoni. Ule mwingine haukupanda.

"Habari za hapa, mama?"

"Za hapa giza. Za kule," akaelekeza kwa kidevu, maana kaburi halinyooshewi kidole, "wanakula raha."

"Aa, kwa mzee Resoja! Yule ndiye mnufaika wetu wa kwanza. Mzee mtulivu sana, wanavyoniambia. Sijabahatika kuonana naye."

"Utaonana naye, baba. Usiwe na haraka. Sote tutaonana naye."

Bwana Ralambo alicheka kwa adabu. Kisha akatazama vizuri. Alitazama pembe, akatazama mlango usio na kitasa, na kofia ikashuka yenyewe kutoka kichwani. Kwao pia wana makaburi, tena ya kifahari, ila hayachorwi ndege.

"Mama," akasema polepole, "umemwambia nani mwingine?"

"Nimwambie nani? Hapa kila mtu anajua. Msiojua ni ninyi."

"Mungu wangu."

"Mwache Mungu. Ng'oa ile mita uniletee mimi. Nina mashine ya kusaga inazeeka ndani."

"Haiwezekani, mama. Kwanza nyumba yako ni ya nyasi. Pili, muunganisho ukishahesabiwa umehesabiwa. Nikiung'oa, hesabu inarudi nyuma, na benki haipendi kabisa hesabu irudi nyuma. Wale kumi na mmoja wamo kwenye takwimu."

"Wamo kaburini!"

"Na kwenye takwimu pia." Alijifuta jasho. "Sikiliza. Jenga nyumba ya saruji na bati, ya watu kulala, kabla mafundi wangu hawajahama. Nitaona la kufanya."

"Saruji niitoe wapi?"

"Hilo, mama, ni la mradi mwingine," akasema Bwana Ralambo, na kwa kweli alisikitika, na kwa kweli aliondoka.

Vorisoa alijua saruji iko wapi. Nyuma ya nyumba ya Mahavelo, kaka mkubwa wa Tsiambena na mwenye kuongea na mababu kwa niaba ya ukoo, chini ya turubai, kulikuwa na mifuko ya saruji na mabati mapya yasiyoguswa na mvua. Yalikuwa ya Tsiambena. Alikuwa akiyakusanya, kidogo kidogo, kwa ajili ya kaburi lake mwenyewe.

"Baba Tema," akamwambia mumewe jioni, "nipe yale mabati."

"Mabati gani?"

"Usijifanye. Yale ya kwa shemeji. Nijengee nyumba ya mashine."

Tsiambena akaacha kula. "Yale ni yangu ya kulalia."

"Kwani unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi hayana haraka."

"Mama Tema, unataka nikazikwe chini ya mawe matupu? Watu wapite waulize, huyu aliyetupwa hapa ni nani, waambiwe ni mtoto wa yule mwenye taa?"

"Na mimi watu wakipita wakauliza, huyu aliyevunjika bega ni nani?"

"Halafu nyumba ya saruji tutaichomaje? Hujafikiri hilo."

"Nimelifikiria. Atakayelala humo ni mimi. Siku nikifa ichomeni, ivunjeni, mwageni chumvi. Nitakuwa sitwangi tena, itaniuma nini?"

"Watasema umeniloga."

"Na waseme! Bega ni langu, si la majirani." Akapumua. "Haya, hutaki. Basi tuvute waya tu kutoka kwa baba."

"Nimwibie baba yangu?"

"Ana balbu mbili na hana macho, Tsiambena!"

Alimwita kwa jina lake, si kwa jina la mtoto wao. Alikuwa amevuka mpaka na alijua. Tsiambena alichukua mkeka wake akaenda kulala nje.

Labda mambo yangeishia hapo, kama yaishiavyo mengi, lau ile mita isingekuwa ya kulipia kabla. Uniti za zawadi ya mradi ziliisha, na asubuhi moja kaburi likaamka halina taa. Tsiambena aliona aibu kama mtu aliyekutwa uchi sokoni. Siku ya gulio alikamata kuku watatu wa Vorisoa, waliokuwa wakipita zao, akawauza, akarudi na karatasi yenye tarakimu. Akaenda mwenyewe mpaka kaburini, akiomba radhi kila hatua, akaziingiza. Taa zikawaka. Akarudi nyumbani anatabasamu.

"Kuku wangu wako wapi?" akauliza Vorisoa.

"Nimemnunulia baba umeme."

Vorisoa hakupiga kelele. Kelele zingekuwa nafuu. Alitazama kinu, akautazama mchi uliong'aa kwa miaka ya viganja vyake, akaulaza chini mchangani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Kisha akaketi mlangoni na kunyoosha miguu.

"Chakula je?" akauliza Tsiambena.

"Mahindi yapo. Maji yapo. Baba yako ana umeme, labda atatusagia."

Tangu siku hiyo nyumba ile ilikula mahindi ya kuchemsha, punje nzima nzima, asubuhi na jioni. Vorisoa alikuwa na meno yake. Tsiambena upande wa kushoto alikuwa na mapengo matupu, meno mengine aliyaacha kwenye ugomvi wa machimboni, na kila mlo ukawa safari ndefu ya ulimi kusukuma punje kutoka shavu hadi shavu. Jirani yao Haova, mwanamke asiyepitwa na jambo, alikuwa akipita makusudi wakati wa kula.

"Shemeji, mbona unatafuna kama mbuzi aliyefungwa? Chakula hakimezeki?"

"Pita, Haova. Pita salama."

"Napita. Nasikia kwa mzee taa zinawaka vizuri. Si ukaombe unga huko?"

Kijiji kilicheka. Vorisoa hakucheka, kwa sababu alikuwa na hasira, na pia kwa sababu alikuwa na hofu. Mafundi walikuwa wanamalizia nguzo za mwisho. Wakishaondoka, hapangekuwa na umeme mwingine Ankilimasy mpaka benki iwakumbuke tena waliosahauliwa, na bega lake halikuwa na miaka hiyo. Usiku alikuwa akiupapasa upande wa mashine gizani, ulivyo baridi, anajiuliza kama hakumtupa ng'ombe wake bure.

Siku ya mieleka ya vijana, kijiji chote kilihamia uwanjani. Vorisoa alikwenda kisimani, akakuta maji hayajajaa, akarudi na ndoo tupu. Alipokaribia nyumba alisikia kinu. Mlio wenyewe haukuwa wa mtu anayejua: tu, kimya, tu-tu, kimya, kisha tako la mchi likigonga ukingo. Akajibanza nyuma ya mpungate.

Tsiambena alikuwa anatwanga.

Mwanamume wa Androy, mwenye pembe za ng'ombe wengi vile kwenye kaburi la baba yake, alikuwa amejificha nyuma ya nyumba anatwanga mahindi. Alikuwa amevua shati. Alipiga, akakosa, punje zikamrukia usoni. Akainama kuziokota mchangani, akashika kiuno, akainuka kwa awamu. Vorisoa alijitia ngumi mdomoni asicheke, na alicheka, machozi yakamtoka. Mumewe aliufungua mkono akautazama. Kiganja kilikuwa kimetumbuka malengelenge, na chini kwenye kinu palikuwa na kitu kinachofanana na changarawe. Akaegemea mchi, anahema.

"Kila siku?" akasema Tsiambena, akikiuliza kinu. "Kila siku hivi?"

Kicheko kikamkatika Vorisoa palepale. Miaka yote hakuwahi kumsikia mtu akiuliza swali hilo. Akarudi nyuma kimya kimya mpaka njiani, akaigonga ndoo na kukohoa sana, akampa nafasi ya kuvaa shati.

Usiku ule Tsiambena alikula punje zake mkono umefungwa kitambaa. "Nimejikata," akasema, ingawa hakuulizwa. Kesho yake alifunga ng'ombe kwenye mkokoteni, akaenda kwa kaka yake, na jioni akarudi na mabati yote na saruji yote.

"Usiniambie kitu," akasema akishusha.

"Sijasema."

"Na usicheke."

"Sicheki, Baba Tema."

Walijenga upesi, na vibaya, kona moja imelala kidogo. Haova alikuja mbio, khanga mkononi, uso umejaa majonzi.

"Jamani, Mama Tema, poleni! Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Na hiyo saruji?"

"Ni ya mchi wangu. Nimeuzika."

Bwana Ralambo alikuja akaisifu nyumba. Akaugonga ukuta, akalitazama bati, akasema imetimiza masharti yote ya benki, yote kabisa, ila mita zimekwisha. Zilizobaki zilikuwa za tarafa nyingine. Labda awamu ya pili, fedha zikipatikana. Vorisoa aliketi juu ya mfuko mtupu wa saruji na kwa mara ya kwanza tangu mashine ifike akajisikia mjinga. Mumewe alikuwa ametoa kaburi lake kwa ajili ya ukuta wenye giza.

Siku chache baadaye gari likarudi kwa kasi, na Bwana Ralambo akashuka kabla halijasimama vizuri.

"Mama, nisaidie. Kesho anakuja mama mkubwa wa benki, kutoka huko huko ng'ambo. Anataka kumtembelea mnufaika wa kwanza. Amemtaja kwa jina. Anataka kukaa naye kitako wanywe chai."

"Chai hakuwa anapenda," akasema Vorisoa. "Alikuwa mtu wa pombe."

"Mama, nakuomba!"

"Kwani kuna tabu gani? Mpeleke. Mume wangu atafurahi mno, atamsimulia kila pembe imetoka kwa ng'ombe gani."

Bwana Ralambo aliiminya kofia yake mpaka ikawa kama tambara. Huruma ilimshika Vorisoa, ila siyo nyingi.

"Unatafuta Resoja anayepumua," akasema. "Nipo. Ng'oa mita ile ile, na jina lake lile lile, ufunge kwangu. Hesabu yako hairudi nyuma hata moja."

Midomo ya msimamizi ilicheza kama ya mtu anayejumlisha. "Na wenye kaburi?"

Wakamgeukia Tsiambena. Alikuwa ameegemea mkokoteni, anautazama mwanga wa baba yake ng'ambo ya mpungate, taa inayowaka jua likiwa utosini. Kisha akasema, "Niacheni nimwite kaka. Hili si langu kusema."

Mahavelo alikuja na beberu, kisu na fimbo yake ya ukoo. Akamchinja beberu, akasogea karibu na mawe, akaongea na baba yake kwa sauti ya chini, kwa marefu, huku Bwana Ralambo akilitazama jua na mafundi wakiitazama nyama. Mwishowe Mahavelo akarudi anajifuta mikono.

"Mzee anasema ule mwanga unamuumiza macho," akatangaza. "Anasema tangu uwekwe hajapata usingizi. Anashangaa kwa nini hamkumuuliza mapema."

Vorisoa aliinamisha kichwa kwa heshima. Ilikuwa mara ya kwanza mkwewe kukubaliana naye, na ilimlazimu kwanza afe.

Mita ilihama kabla ya jioni. Mashine ilikohoa, ikatetemeka, ikanguruma, na unga ukashuka kwenye beseni, mweupe, laini, hauna chembe hata moja ya kutemwa. Vorisoa alichota kwa kiganja akaushika tu. Tsiambena alipika ugali mwenyewe, kwa kitambaa chake mkononi, na akala mpaka akaegemea ukuta.

Mama wa benki alifika kesho yake na magari matatu, akapeana mikono na kila mtu, akaingia kwenye nyumba ya saruji, akafurahi. Alikuwa mtu mwema, hilo tumpe. Kupitia mkalimani akauliza bwana Resoja ni yupi.

"Ni mimi," akasema Vorisoa.

Bwana Ralambo alieleza haraka haraka kwamba hilo ni jina la kaya. Mama wa benki akaandika, akauliza umeme umemletea badiliko gani maishani.

"Nimeacha kutwanga."

Mkalimani, kijana aliyesoma, alifikiri jibu hilo halifai kusafirishwa likiwa tupu. "Anasema," akatafsiri, "kwamba yeye kama mwanamke wa pembezoni sasa anashiriki kikamilifu katika mnyororo wa thamani wa nafaka." Mama wa benki akawa na machozi. Akauliza na wale wengine kumi wa kaya yake, wao wananufaika vipi?

"Wamepumzika," akasema Vorisoa.

Mama wa benki alifurahi sana kusikia kwamba sasa watu wana muda wa kupumzika. Wakapiga picha. Magari yakaondoka, vumbi likatua, na Vorisoa akabaki Ankilimasy, katika vitabu vya ng'ambo akiwa mzee wa kiume wa miaka tisini. Hakujali. Wangemwita hata ng'ombe.

Asubuhi iliyofuata aliamka alfajiri kama kawaida, mikono ikiwa imeshajikunja tayari kushika. Akatoka nje. Kinu kilikuwa pale, kitupu, na unga wa siku nzima ulikuwa ndani ya beseni, umefunikwa. Akasimama. Hakujua mikono ya mtu huwekwa wapi saa kama ile. Akaketi mlangoni, na kilio kikamjia kutoka mahali asipopajua, akalia kwa ajili ya yule msichana wa bonde la pili na asubuhi zake zote.

Tsiambena alitoka. Naye alikuwa amehamia nyumba ya saruji, akisema amekuja tu kulinda mabati yake.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Sina la kufanya."

Tsiambena akajikuna kidevu. "Basi rudi ukalale."

"Jua limetoka, Baba Tema."

"Litoke. Nani amekuita?"

Akarudi ndani, akajilaza ubavu wa kushoto, ule usiouma, na usingizi ukamchukua mara moja. Wanawake walipofika na ndoo zao za mahindi, Haova mbele, walimkuta Tsiambena amekaa mlangoni, miguu kainyoosha, kaziba njia yote.

"Tumekuja kusaga, shemeji."

"Mtasubiri. Mwenye mashine amelala."

Wakalitazama jua, kisha wakatazamana. Ankilimasy hapakuwahi kusikika mwanamke aliyelala saa ile, isipokuwa aliye mahututi.

"Kazidiwa?" akanong'ona Haova.

"Hapana. Amelala tu."

Haova akaitua ndoo yake kichwani, akaiweka chini bila kuigonga, akakaa kivulini mwa ukuta.

"Mwache alale," akasema. "Kesho mimi."